Mali Bila Daftari

Mwaka 1986 Tukuyu Stars ilipanda daraja, na msimu huohuo ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Simba ilikuwepo. Yanga ilikuwepo. Kombe likaenda kwenye mji mdogo wa migomba na mvua, chini ya Mlima Rungwe. Ninafundisha Kiswahili wilayani humu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwauliza wazee kuhusu timu ile. Wanajibu kwa mikono na miguu: mmoja anainuka kwenye benchi kunionyesha jinsi winga alivyokuwa akimgeuza beki, mwingine anaapa kuna shuti lilichana nyavu na mpira ukaenda kuokotwa barabarani. Nikiuliza timu ilipiga mashuti mangapi msimu mzima, au mfungaji wake alihitaji nafasi ngapi ili apate bao moja, wananitazama kama mtu aliyeuliza uzito wa ukungu. Hakuna aliyeandika.

Katika mji huohuo, leo, kijana anayepakia parachichi kwenye lori anaweza kukwambia timu ya daraja la pili Denmark inapata kona ngapi kwa wastani ikicheza ugenini. Anazijua kwa sababu ziko kwenye simu yake, na ziko kwenye simu yake kwa sababu kuna mkeka. Parachichi lenyewe, kabla halijaondoka hapa kwenda Ulaya, limepimwa uzito na kupangwa kwa ukubwa. Watu wa Rungwe hawaogopi namba. Kinachonisumbua ni mgawanyo wake: za mbali tunazo tele, za kwetu tunazitafuta kwa tochi.

Ndiyo maana nataka kuizungumzia hadithi moja ya soka ambayo vijana wa rika langu wanaipenda sana. Utaikuta kwenye podikasti, kwenye filamu za makala, na kwenye mabishano ya kibanda umiza wakati wa mapumziko. Ni hadithi ya wacheza kamari wawili walionunua klabu na kuwashinda matajiri kwa hesabu. Nitaihakiki kama ninavyowafundisha wanafunzi wa kidato cha tano kuhakiki riwaya: nani ana jina ndani yake, nani hana, na nani analipia mwisho mwema.

Inakwenda hivi. Tony Bloom, mzaliwa wa Brighton, alitajirika kwa kubashiri matokeo ya mpira na akaanzisha kampuni iitwayo Starlizard. Matthew Benham, aliyesomea fizikia Oxford na kufanya kazi kwenye masoko ya fedha ya London, akaanzisha Smartodds mwaka 2004. Waliwahi kufanya kazi pamoja. Kila mmoja akaichukua klabu aliyoipenda tangu utotoni: Bloom akaichukua Brighton mwaka 2009, Benham akawa mmiliki wa Brentford mwaka 2012, zote zikiwa daraja la tatu. Hesabu walizotumia kubeti wakazihamishia kwenye usajili. Brighton ikapanda Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2017. Brentford ikapanda mwaka 2021, baada ya miaka 74 nje ya daraja la juu. Mwaka 2014 Benham akainunua FC Midtjylland ya Denmark, na mwaka uliofuata ikawa bingwa wa nchi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Bloom akaingia Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji mwaka 2018, na mwaka 2025 klabu hiyo ikatwaa ubingwa ambao ilikuwa haijauona tangu 1935.

Mashine iliyo nyuma ya hadithi hii inaelezeka bila digrii. Matokeo ya mechi moja hudanganya: timu inaweza kushambuliwa dakika 90 halafu ikashinda kwa shuti moja lililomgonga beki na kubadili njia. Mbashiri makini haamini bao, anaamini nafasi. Kila shuti analipa uzito kulingana na mahali lilipopigwa na namna lilivyopigwa, kwa kulilinganisha na maelfu ya mashuti ya zamani yanayofanana nalo. Penalti ina uzito wa zaidi kidogo ya 0.75, kwa sababu kati ya penalti nne, tatu na ushee huingia. Shuti la mbali lililopigwa katikati ya msitu wa miguu linaweza kuwa na 0.03. Jumlisha mashuti yote, unapata mabao tarajiwa, yaani mabao ambayo timu ilistahili bahati ikiwekwa pembeni. Msimamo wa ligi unaeleza kilichopita. Jumla hii inakisia vizuri zaidi kinachokuja.

Kuanzia hapo hatua ni fupi. Ukiwa mbashiri, unatafuta timu ambayo kampuni imeipa odi kubwa kuliko inavyostahili. Ukiwa mmiliki, unatafuta mchezaji ambaye soko limempa bei ndogo kuliko anavyostahili. Swali ni moja: bei imekosewa wapi? Mwaka 2021 Brighton ilimchukua Moisés Caicedo kutoka Independiente del Valle ya Ecuador kwa fedha inayotajwa kuwa kama pauni milioni 4. Mwaka 2023 Chelsea ikamnunua kwa pauni milioni 100, na nyongeza ambayo ingeweza kufika milioni 15. Mwenye kubeti ana kasoro moja ambayo mwenye klabu hana: akishaweka hela, hawezi kuingia uwanjani kusaidia. Mwenye klabu anamnunua kijana, anampa kocha, daktari, chakula na mechi, na kwa njia hiyo anaisukuma dau yake mwenyewe ishinde.

Nakiri uzuri wa wazo hili, na si uzuri mdogo. Nimekaa kwenye ndondo za huku kwetu nikaona namna mchezaji anavyochaguliwa. Huyu ni mrefu, achukuliwe. Yule mjomba wake ana duka la jumla, achukuliwe. Wa tatu alifunga bao la kideoni siku mheshimiwa alipokuja kukabidhi jezi, naye achukuliwe. Namba haina mjomba. Haimjui mheshimiwa. Inauliza mara ngapi ulipokonya mpira na baada ya hapo ukaupeleka wapi. Kwa kijana wa Kiwira au Masoko ambaye hana wakala wala jina, habari kwamba kuna mahali duniani mtu anapimwa kwa anachokifanya mwezi hadi mwezi ni habari ya haki. Wanafunzi wangu wakiisimulia hadithi ya Brighton macho yao yanang'aa, na sioni sababu ya kuwazimia taa.

Lakini tazama jinsi hadithi inavyomtumia mhusika wake mkuu. Inamwita mcheza kamari, na kijana wa Tukuyu mwenye mkeka mfukoni anasikia kama ametajwa yeye. Anaona yeye na Bloom wako kwenye kazi moja, tofauti ni mtaji tu. Hapa ndipo naweka kalamu nyekundu.

Fanya hesabu. Chukua tukio la nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Odi ya haki ingekuwa 2.00: ukiweka 1,000 unarudishiwa 2,000 ukishinda. Tuseme kampuni inatoa 1.90. Ukibeti mara 100 kwa shilingi 1,000, umetoa 100,000. Ukishinda mara 50, unarudishiwa 95,000. Shilingi 5,000 zimebaki kwa mwenye duka bila yeye kujua lolote kuhusu mpira. Hiyo ni mechi mojamoja. Vijana wetu hawabeti mechi mojamoja, wanatandika mkeka wa mechi kumi, maana ndiko kunakoonekana pesa ndefu. Odi ya 1.90 ikizidishwa mara kumi inafika kama 613, kwa hiyo shilingi 1,000 inaahidi 613,000. Lakini uwezekano wa kupatia matukio kumi ya nusu kwa nusu ni mmoja kati ya 1,024. Malipo ya haki yangekuwa 1,024,000. Asilimia 5 aliyoiacha kwa mwenye duka kwenye kila mechi imezaliana, na sasa ile 1,000 yake ina thamani ya kama 600 kabla refa hajapuliza filimbi. Mkeka hauchaniki kwa sababu timu fulani imemwangusha dakika ya 89. Umeuzwa ukiwa na tundu.

Bloom hutandika kinyume chake. Anatafuta tukio moja ambalo soko linaliona nusu kwa nusu, yeye kwa takwimu zake anaona ni asilimia 55. Kwa odi ileile ya 1.90, kila 1,000 inamletea faida ya wastani ya shilingi 45. Ni kidogo kiasi cha kuchekesha. Anairudia mara nyingi mno, kwa fedha nyingi mno, akiwa na jengo zima la watu wanaomkusanyia habari. Kijana wa parachichi anabeti ili apate matumaini ya jioni. Bloom anabeti kama mtu anayenunua mahindi wakati wa mavuno. Kuwaita wote wawili wacheza kamari ni sawa na kusema samaki na mvuvi wote wako ziwani.

Brentford yenyewe imetupa mfano ambao mwandishi wa tamthilia angeogopa kuutunga, asije akaambiwa anatia chumvi. Mwezi Mei 2023 mshambuliaji wake, Ivan Toney, alifungiwa miezi minane kwa makosa 232 ya kuvunja kanuni za kubeti. Kanuni ni kanuni, na mchezaji anayebeti mpira anahatarisha imani ya kila mtu. Hata hivyo, alikuwa akichezea klabu ambayo mmiliki wake utajiri wake umetokana na kubashiri mpira, na kifuani mwa jezi yake kulikuwa na jina la kampuni ya kubeti. Ubashiri ulikuwa ofisini, ulikuwa kwenye kitambaa, ukawa haramu ulipofika mfukoni mwa mchezaji.

Sasa rudi nyumbani. Mwaka 2022 Yanga iliingia mkataba mpya na SportPesa wa miaka mitatu, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 12. Mwaka huohuo Simba ikasaini na M-Bet miaka mitano kwa zaidi ya shilingi bilioni 26. Kwa kipimo cha ligi yetu hizo ni fedha nzito, na sina sababu ya kuzibeza. Zimelipa mishahara na nauli. Ninachokihoji ni mlango ulioingilia. Kwa Brighton na Brentford, ubashiri uliingia klabuni kupitia ofisi ya usajili, ukaleta maarifa. Kwetu umeingia kupitia kifua cha jezi, umeleta tangazo. Klabu zimepata hela. Mashabiki wamepata mkeka. Ule ujuzi wa kujua bei imekosewa wapi haukuwa sehemu ya mkataba.

Na ujuzi huo una upande ambao hadithi haupendi kuutazama. Bei ikikosewa, kuna aliyeikosea. Faida ya mnunuzi ni kitu ambacho muuzaji hakujua anacho. Kwenye simulizi za Brighton soko huitwa soko, kama vile ni hali ya hewa, halina uso. Mimi naishi mahali ambapo soko lina uso. Mkulima wa ndizi wa Rungwe anayeuza mkungu shambani bila kujua bei ya siku hiyo Dar es Salaam ni bei iliyokosewa yenye miguu, watoto na ada ya shule. Anayenunua kwake hajamwibia. Amejua tu zaidi yake, na lori ni lake.

Je, kuna Mtanzania ambaye njia hii imemfikia? Yupo mmoja anayenivutia. Rasmus Ankersen, aliyekuwa mwenyekiti wa Midtjylland na mmoja wa wakurugenzi wa soka wa Brentford enzi za Benham, aliondoka akawa mmoja wa waanzilishi wa Sport Republic. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilichukua Southampton ya Uingereza, kisha Göztepe ya Izmir, Uturuki. Na mwaka 2024 Göztepe ikamsajili Novatus Dismas Miroshi, kiungo wa Taifa Stars. Siwezi kuingia chumba chao cha usajili nikakwambia ni safu gani ya takwimu iliyowavutia. Naweza kukuonyesha njia yake: Azam, kisha Israel, kisha Zulte Waregem ya Ubelgiji, kisha mkopo Shakhtar Donetsk ya Ukraine, ndipo Izmir. Angalia mahali njia inapoanzia. Inaanzia kwenye klabu yenye uwanja wake Chamazi na mechi zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Kutoka hapo kila kituo kilikuwa na kamera nyingi kuliko kilichotangulia.

Hiki ndicho kikomo cha hadithi ya namba, na wasimulizi wake hawakitaji. Wanasema takwimu huona vipaji ambavyo macho yamevipuuza. Ni kweli, pale tu ambapo kuna mtu aliyelipwa kuhesabu. Modeli inaweza kumfufua winga aliyesahaulika kwenye daraja la pili la Ubelgiji kwa sababu kila pasi yake imeandikwa. Winga wa Tandale, Tukuyu, anayecheza Jumamosi saa kumi kwenye nyasi zilizolowa, hajapuuzwa na modeli. Kwa modeli hajazaliwa. Skauti wa zamani, pamoja na upendeleo wake wote, angeweza kukosa basi Uyole, akalala Tukuyu, asubuhi akamwona kijana. Kompyuta haikosi basi.

Kuna kinachonitisha zaidi ya kutohesabiwa, nacho ni kuhesabiwa kwa sababu mbaya. Ligi nyingi ndogo duniani hufuatiliwa pasi kwa pasi kwa sababu kampuni za kubeti zinahitaji mechi za kuuza mchana na usiku. Mtu anakaa jukwaani na simu, anatuma kona, kadi na bao, na sekunde chache baadaye odi inabadilika katika nchi ambayo hakuna anayeweza kutamka jina la timu. Wachezaji wale wana takwimu, lakini hazikukusanywa ili wapate mkataba. Ikitokea siku mpira wa Rungwe ukaanza kuhesabiwa, swali la kwanza linapaswa kuwa: daftari hili litakaa kwa nani? Mashabiki wa Simba wamebishana miaka na miaka juu ya asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji. Sijawahi kusikia mkutano wa klabu yoyote ukibishana nani anamiliki kumbukumbu za wachezaji wake.

Umiliki wenyewe una somo lake. Bloom na Benham walianza na klabu za nyumbani kwao, na sehemu kubwa ya utamu wa hadithi inatoka hapo: mtoto wa mtaa karudi na hela. Lakini mbashiri mzuri haweki fedha zote kwenye mechi moja. Brighton ilipofuatiwa na Union, ikafika mwaka 2023 klabu zote mbili zimefuzu Ligi ya Europa, na kanuni za UEFA zikamlazimu Bloom apunguze hisa zake Ubelgiji hadi akawa mwenye hisa chache. Mwaka 2025 akaweka fedha Hearts ya Scotland. Mapenzi yalikuwa kwa klabu moja. Klabu nyingine zimeingia kwenye jedwali.

Mkoa wetu unajua klabu inaweza kuwa nyepesi kiasi gani. Ihefu ilitoka Mbarali, ikacheza Ligi Kuu, watu wakapanda mabasi kwenda kuishangilia. Mwaka 2024 ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Sidai kwamba kuna hesabu za wabashiri nyuma ya uamuzi ule. Nasema kwamba pindi klabu inapotazamwa kama nafasi kwenye ligi, kitu kinachoweza kuchukuliwa na kupelekwa penye faida zaidi, mahali ilipozaliwa panakuwa safu tupu kwenye jedwali. Hakuna modeli niliyowahi kuisikia yenye safu ya akina mama wa Ubaruku waliouza chai getini siku za mechi.

Mtu anaweza kuniambia: mwalimu, unalalamika sana, sasa tufanye nini, tununue setilaiti? Hapana. Namba yenye thamani kubwa kuliko zote kwa klabu ndogo ya Rungwe haihitaji kompyuta. Ni tarehe.

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha ya uhamisho hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 hubeba asilimia 0.25 ya fedha yote, na kila msimu kuanzia 16 hadi 23 hubeba asilimia 0.5. Mgawo huo haupotei kwenye uhamisho wa kwanza, unafuata kila uhamisho wa namna hiyo. Chukua kijana aliyesajiliwa Tukuyu tangu msimu wa miaka 12 hadi wa 17. Siku akiuzwa kwa euro milioni moja, ambayo kwa Ulaya ni bei ya mchezaji wa kawaida, klabu ya Tukuyu inastahili asilimia 2: euro 20,000, zaidi ya shilingi milioni 50. Tangu mwishoni mwa 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kukokotoa na kulipa fedha hizo kwa kufuata pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya kila klabu aliyosajiliwa na tarehe zake. Hiyo ndiyo bei iliyokosewa ambayo sisi wenyewe tunaweza kuirekebisha. Haihitaji kujua mabao tarajiwa. Inahitaji klabu iliyosajiliwa na mtoto aliyesajiliwa.

Kuna kocha wa watoto ninayemfahamu hapa mjini. Hana mshahara, asubuhi ana bodaboda, jioni ana watoto 31 na mipira minne. Nilimkuta uwanjani akiwa na kauntabuku lake chini ya kwapa, amelifunika na mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua.

"Mugonile, mwalimu."

"Ndaga, kocha. Vijana wanaendeleaje?"

"Wapo. Yule wangu wa kushoto aliondoka, ulisikia?"

Nilikuwa nimesikia. Kijana wa miaka 16, mtu aliyejiita wakala alikuja na gari, akaongea na mama yake, wakaondoka. Sasa anachezea timu ya mbali, na anacheza vizuri. Nikamuuliza kocha kama kule wanajua alikotoka.

"Kwenye karatasi zao klabu yake ya kwanza ni hiyohiyo ya kule," alisema.

"Wamedanganya?"

Akafikiri kidogo. "Hapana, mwalimu. Hapa hatukuwa tumemsajili popote. Miaka mitano niko naye, nilimnunulia na viatu. Lakini ukiniambia nithibitishe, nitathibitisha na nini? Na viatu?"

Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiongea na wenye maduka, ila methali hii inafaa kubandikwa kwenye kila chumba cha kubadilishia nguo kusini mwa nchi. Ukiisoma vizuri, hata hadithi ya Brighton inasema jambo hilohilo, ila imelivika suti. Bloom hakuwa na jicho kali kuliko wazee wa Tukuyu. Alikuwa na daftari refu kuliko wenzake, na mtu wa kuliandika kila siku. Tukiihakiki hadithi yake tukaishia kushangaa akili za mtu mmoja, tumesoma jalada. Dhamira iko kwenye kazi ya kuchosha ambayo hakuna anayeitengenezea filamu.

Kwa hiyo ninapoona vijana wenye akili za hesabu, ambao wanaweza kukariri takwimu za ligi sita za Ulaya, sioni watu waliopotea. Naona wahasibu ambao klabu zetu hazijawaajiri. Kijana anayejua wastani wa kona za timu ya Denmark anaweza, kwa nguvu ileile, kukaa Tandale Jumamosi mbili kwa mwezi na kuandika nani alicheza dakika ngapi, katika nafasi gani, akiwa na umri gani. Baada ya miaka mitatu tungekuwa na kitu ambacho mabingwa wa 1986 hawakupewa na mtu. Na kikae kwenye kabati la klabu, chenye nakala kwa mzazi, kabla hakijawa bidhaa ya kampuni yoyote.

Kocha alinionyesha kauntabuku. Ukurasa umegawanywa kwa rula: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, simu ya mzazi, mahudhurio. Mwaka huu ameongeza safu ya sita na kuiandika kwa wino mwekundu: namba ya usajili. Kati ya watoto 31, saba wameshajazwa. Wengine 24 wanasubiri cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, na yeye anawafuata wazazi wao mmojammoja kwa bodaboda, jioni, baada ya mazoezi.